Moja ya Mama Fatouma

Hayat alikuwa na sababu yake ya kuipenda lugha ile, na haikuwa sababu ya kisomi hata kidogo. Aliipenda kwa sababu haikumuuliza mtu mlangoni.

Tuelewane mapema: si lugha ya kusemwa kwa mdomo. Ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wenyewe wanaiita PHP, na Hayat alijifunza peke yake kwenye kurasa za fotokopi alizoletewa na binamu yake kutoka Kigali, nyingine zimefifia mpaka ikabidi akisie. Lugha nyingi za aina hiyo zina roho ya karani wa mpakani. Ukitaka kuweka kitu kwenye chombo, zinakuhoji kwanza: hiki ni chombo cha namba au cha maandishi? Ukishasema ni cha namba, ole wako ukikitia neno. Kazi nzima inasimama mpaka utubu. Hii ya Hayat haikuwa na makuu hayo. Unakipa chombo jina, unatia unachotaka. Leo namba, kesho neno, kama sufuria pekee ya nyumba isiyo na kitu: asubuhi chai, mchana maharage. Ukiiambia ijumlishe, inajumlisha. Hata ukiiletea maandishi yenye sura ya namba, inayatazama, inayageuza namba yenyewe kimya kimya, na kazi inaendelea.

Sasa mfikirie Hayat. Binti wa fundi magari wa Buyenzi, miaka ishirini na sita, kila asubuhi anapita kizuizi cha askari akienda kazini Cibitoke, na kila asubuhi anaulizwa yeye ni nani, ametoka wapi, anakwenda kwa nani, na macho ya anayeuliza yanampima uso wakati mdomo bado unasoma kitambulisho. Ilikuwa mwaka 2003. Vita ilikuwa imetimiza miaka kumi, na kila mtu wa Bujumbura alijua kwamba jibu la swali hilo lingeweza kumrudisha mtu nyumbani au kumlaza mtaroni. Mtu aliyechoshwa namna hiyo akakutana na lugha inayomkaribisha kila ajaye bila kumuuliza wewe aina gani. Nani atamlaumu akiipenda?

Kazi yake ilikuwa kwenye ofisi ya shule ya sekondari iliyojengwa na wazazi wenyewe, upande wa Cibitoke unaotazama Kinama. Siku zile watu wa mitaa hiyo miwili walikuwa hawagawani hata soda, kila upande na maiti zake, lakini watoto wao walikaa benchi moja pale shuleni wakiibiana kalamu kama watoto wengine wote. Mkurugenzi, Bwana Méthode, aliringia jambo hilo na kuliogopa kwa kiasi kilekile. Alikuwa mtu mwembamba mwenye tai moja, na tai hiyo aliivaa hata siku ambazo risasi zililia tangu alfajiri.

Ofisini kulikuwa na kompyuta moja ya msaada na taipureta moja ya zamani, na kati ya hivyo viwili aliketi Mama Fatouma. Mama Fatouma alikuwa amepiga chapa ofisi za serikali tangu ujana wake, akastaafu, akaona kukaa nyumbani ni kuugua, akaja shuleni kwa mshahara wa kunywea chai. Vidole vyake vilikwenda mbio kiasi kwamba walimu walikuwa wakisimama mlangoni kusikiliza tu. Kompyuta aliiita "ile mutoto yako", maana ni Hayat aliyeiandikia programu ya kujumlisha alama za wanafunzi, kutoa asilimia na kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho. Zamani walimu walifanya kazi hiyo kwa kalamu, wakigombana, kwa muda wa wiki nzima. Programu iliifanya kabla chai haijapoa.

Mwezi Julai mapigano yaliingia mjini. Wiki nzima mizinga ililia, na barabara ya kutoka Kinama na Buterere ikafungwa katikati ya mitihani. Watoto wa huko, wapata kumi hivi wa darasa moja, hawakufika. Mkurugenzi alipigana na kamati ya wazazi mpaka ikakubali wafanye mitihani yao peke yao, mambo yakishatulia. Wakaifanya. Walimu wakasahihisha. Karatasi zao za alama zilipofika ofisini, ikawa zamu ya Hayat kukwama: kizuizi kilikuwa kimefungwa, hakuna wa kutoka Buyenzi. Akapiga simu shuleni kutoka dukani kwa jirani.

"We kaa nyumbani, mwanangu," Mama Fatouma alimwambia. "Barabara iko mubaya. Mi nitaandika. Tangu hujazaliwa napiga mashini, hii mutoto yako njo itanishinda?"

Na kweli haikumshinda. Hayat aliporudi alikuta kila kitu kimeingizwa, jina kwa jina, somo kwa somo, bila pengo hata moja. Alimbusu mkono. Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya proclamation, siku ambayo wazazi wote hujaa uani na mkurugenzi husoma majina kwa sauti, kuanzia wa kwanza kushuka chini. Wanaopata chini ya nusu hawasomwi kabisa, na katika darasa lile, kwa uhaba wa mabenchi, asiyesomwa hana mahali tena. Anarudishwa kwao moja kwa moja.

Hayat alibonyeza kitufe, printa ikalia, orodha ikatoka. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Bwana Adolphe, alikuwa amekaa hapohapo kusubiri, na alipoona mwanawe Armel ndiye wa kwanza, kwa asilimia sitini na nane, alisimama akampa mkurugenzi mkono mara mbili. Alitoka akisema anakwenda kuagiza kreti za Fanta. Macho ya mkurugenzi yalikuwa chini kabisa ya orodha.

Watoto wa Kinama na Buterere walikuwa wameanguka wote. Si kwamba wengi wameanguka. Wote, na kwa aibu. Médiatrice, msichana wa Buterere ambaye walimu walikuwa wakimtuma kuwafundisha wenzake hesabu wanapochelewa, alikuwa na asilimia tisa na nusu. Aliyeongoza kundi zima alikuwa Byamungu, kijana aliyejulikana shule nzima kwa kulala darasani mdomo wazi.

"Labda ni vita," alisema mkurugenzi, lakini hata tai yake haikuamini. "Batoto hawakulala, hawakukula. Labda njo vile."

Hayat alikwenda nyumbani. Alitamani iwe vita. Vita ilikuwa imebeba mengi, ingeweza kubeba na hili, na programu yake ikabaki safi. Alijichukia kwa kutamani hivyo, na bado alitamani.

Asubuhi aliwahi shuleni, na mtu wa kwanza kumwona langoni alikuwa Jovithe, baba yake Médiatrice. Alikuwa mkulima wa mpunga, na ndiye aliyemleta bintiye kila siku kwa baiskeli kutoka Buterere, kwenye tope la masika na kwenye vumbi la kiangazi. Leo alikuwa amevaa koti. Binti yake alisimama pembeni na sare iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, na kwenye kibebeo cha baiskeli kulikuwa na kikapu cha mchele wa walimu, zawadi ya kushukuru kabla hata ya kusikia.

"Dada, tumewahi," alisema Jovithe. "Huyu hakulala. Nimemwambia: ukipita, naendelea kukuleta na velo, hata barabara ikuwe namna gani. Ukianguka, utaenda kwa shangazi yako Bubanza, utalima. Mi sina nguvu ya mara mbili. Lakini atapita. Ye mwenyewe amesema mutihani ilikuwa nyepesi."

"Nyepesi sana," alisema Médiatrice kwa sauti ndogo. "Ila kuchora tu. Na michezo."

Hayat aliingia ofisini karibu akimbie, akatoa kabatini karatasi za walimu zenyewe, zile zilizoandikwa kwa mkono, akatafuta jina la msichana. Hesabu kumi na saba. Fizikia kumi na sita. Kirundi kumi na sita. Dini ishirini, maana padri alikuwa mkarimu. Masomo mengine manne, kumi na nne kila moja. Kuchora tisa, michezo nane. Alijumlisha kwa kalamu: mia moja arobaini na mbili juu ya mia mbili. Asilimia sabini na moja.

Aliwasha kompyuta. Alama zilikuwa zilezile! Somo kwa somo, karatasi na skrini vilikubaliana: kumi na saba, kumi na sita, ishirini, tisa. Lakini chini, penye jumla, programu yake iliandika kumi na tisa. Juu ya mia mbili.

Alikagua mistari ya programu yake mmoja mmoja, na yote ilikuwa sawa. Mbona Armel na wenzake walijumlishwa vizuri? Akaanza kutafuta hiyo kumi na tisa imetoka wapi. Tisa ya kuchora na nane ya michezo ni kumi na saba. Zinabaki mbili. Hakuna mbili popote. Ila kulikuwa na ishirini ya dini, na ishirini inaanza na mbili. Akatazama tena, akaona. Pale Médiatrice alipofanya vibaya, mashine ilimhesabia yote. Pale alipofanya vizuri, ilimnyima. Ndiyo maana Byamungu, asiyewahi kufika kumi kwa mengi, aliongoza kundi.

Mama Fatouma aliingia, akavua kanga ya kichwani akaifunga upya, akaanza salamu ndefu kama kawaida yake. Hayat alimkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama Fatouma, samahani. Kaa hapa. Niandikie kumi na saba."

"Kumi na saba ya nini?"

"Ya bure tu. Andika nione."

Mama Fatouma alikaa, akanyoosha mgongo, akaandika. Hayat hakutazama skrini, alitazama vidole. Cha saba kilipanda juu, kwenye safu ya tarakimu. Cha moja hakikupanda. Kilibaki palepale katikati, kulia, kikabonyeza herufi ya L.

"Mama, mbona hapo? Hiyo si L?"

"Sasa moja unaandika na nini?" Mama Fatouma alimshangaa. "Njo vile wanafundisha dactylo, watu wa kupiga mashini. Moja ni L ndogo, zero ni O kubwa. Mashini yangu haina moja. Hii yako, nilijaribu kule juu mwisho kabisa, inatoa kadudu kamejikunja. Nikasema basi, iko sawa na zingine, nikaandika kama siku zote."

Basi Hayat akaelewa lote kwa pigo moja. Kwenye skrini ile kuukuu, yenye mwandiko mwembamba, L ndogo na moja ni mapacha, na O na sifuri vilevile. Jicho la mtu halitofautishi. Lakini kwa kompyuta kile si kumi na saba. Ni maandishi, herufi na tarakimu zimefungwa pamoja. Na lugha yake, ile lugha ya ukarimu, haikukataa. Ilipoambiwa ijumlishe, iliyatazama maandishi kuanzia kushoto, ikakuta herufi mlangoni, ikaona haielewi, ikasema kwa upole: hii itakuwa sifuri. Ishirini ilianza na mbili halisi, kisha O, basi ikachukua mbili ikaishia hapo. Tisa na nane hazina moja wala sifuri, zikapita salama. Na katika yote hayo haikutoa hata mguno. Ilionyesha kilichoandikwa kama kilivyoandikwa, na ikajumlisha kitu kingine.

Alimweleza Mama Fatouma polepole, akimwonyesha kwa kidole. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliweka mikono mapajani kama vyombo vilivyovunjika.

"Basi mi njo nimeangusha batoto ya watu," alisema. "Wa upande moja tu. Hayat, watauliza nani alinituma."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka ule kosa halikuwa kosa tu. Kila kosa lilikuwa na aliyelituma. Hayat alipiga magoti mbele ya kiti chake akamshika mikono yote miwili.

"Mama, we umeandika vile ulifundishwa. Mi njo niliandika programu ya kumeza kila kitu bila kuuliza. Kosa iko yangu, na mi njo nitaisema."

Kurekebisha hakukumchukua muda: mistari michache ya kuigeuza kila L ya kwenye alama kuwa moja na kila O kuwa sifuri, kitufe, printa. Médiatrice akapanda kutoka mkiani hadi kichwani, asilimia sabini na moja, wa kwanza. Armel akawa wa pili. Byamungu akaanguka kwa haki yake mwenyewe. Hayat alimpelekea mkurugenzi orodha zote mbili, na mkurugenzi akazishika moja kila mkono kama mtu aliyeambiwa achague ugonjwa.

"Hayat, écoute, sikiliza," alisema. "Kama nasoma hii ya jana, wazazi ya Kinama watasema tumechinja batoto yao na kalamu. Kama nasoma hii ya leo, Adolphe atasema wamenitisha, ama wamenilipa. Atawaondoa batoto ya huku wote, na shule inakufa. Ordinateur, hii kompyuta, hawaiamini, na kuniamini mi hawataniamini. Nipe kitu wataona na macho yao wenyewe."

Umeme ulikuwa umeshakatika, na hata ungekuwepo, nani angeelewa skrini? Hayat alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta funguo. Macho yake yakatua mezani kwa Mama Fatouma.

Ua lilikuwa limejaa, na wazazi walikuwa wamekaa kama walivyozoea, wa Cibitoke kivulini upande wa madarasa, wa Kinama na Buterere upande wa ukuta, katikati uwazi ambao watoto tu ndio walioukanyaga. Mkurugenzi alitoka akiwa ameibeba taipureta kifuani kama mtoto mchanga, akaiweka juu ya meza katikati ya uwazi ule. Minong'ono ikaanza. Hayat alisimama kando ya meza, akasema yote bila kuficha: kwamba orodha ya jana ilikuwa na kosa, kwamba kosa limewapata waliofanya mtihani baadaye tu kwa sababu alama zao ziliingizwa na mkono mwingine, na kwamba programu iliyolimeza kosa hilo ni yake, Hayat, si ya mtu mwingine.

Adolphe alikuwa ameshasimama. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, na kila mtu alijua kwamba mwaka wa tisini na tatu alizika kaka wawili siku moja.

"Jana mutoto wangu alikuwa wa kwanza," alisema. "Usiku umepita, leo wa kwanza ni wa Buterere. Hiyo mashini imelala na nani?"

Upande wa ukuta watu walisimama pia. Jovithe alikuwa miongoni mwao, koti lake limeshikwa na mkono wa binti yake. Alimtazama Hayat kwa jicho la mtu anayesubiri kuambiwa ukweli hata kama ni mchungu.

"Papa Armel," alisema, "njoo hapa, tafadhali. Tafuta moja."

"Moja gani?"

"Namba moja. Kwenye hii mashini ya Mama Fatouma. Ukiipata, tutasoma orodha ya jana."

Adolphe alikuja kwa hatua za mtu anayekwenda kumfunua mwongo. Aliinama, akaweka kidole kikubwa kwenye safu ya juu. "Mbili," alisema. "Tatu. Ine." Kidole kilikwenda mpaka tisa, kikasimama. Kikarudi. Kikapita safu ya pili, ya tatu, ya nne, kikapapasa hata pembeni ambako hakuna kitu.

"Moja iko wapi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Haijawahi kuwa," alisema Mama Fatouma. "Tangu hii mashini itoke Ubelgiji. Zero pia haiko. Tazama." Aliingiza karatasi, akabonyeza L, kisha saba. Ikasimama pale kwenye karatasi, nyeusi na safi: kumi na saba. "Cheti yako ya kuzaliwa, Papa Armel, na ya bote hapa, tuliandika hivi. Hakuna mutu alisema kitu."

"Yampayinka!" aliapa mtu kwa Kirundi upande wa ukuta, na mwanamke mmoja wa Kinama akavuka uwazi bila kuomba ruhusa akaja kuitafuta moja yeye mwenyewe. Akafuata mwingine wa Cibitoke, aliyedhani Adolphe hakutazama vizuri. Jovithe naye akaja. Punde hakukuwa na uwazi tena. Vichwa vya pande zote mbili vilikuwa vimeinamia meza moja, vidole vinagongana, watu wanagombana kama L ile ina mkia au haina, na mzee mmoja anaapa kwamba moja lazima iko chini, wameificha wazungu. Mtu alicheka. Kicheko kikaenea kabla hakijajua ni cha upande gani.

Adolphe hakucheka. Alimgeukia Hayat. "Na ordinateur yako haikuona kama hii ni herufi?"

"Iliona," alisema Hayat. "Lakini ile lugha haiulizi mutu. Inapokea tu, inageuza vile inataka, na haisemi. Mi njo nilipaswa kuiambia iulize." Na alipokuwa akisema hivyo alijisikia mwenyewe, akaona ajabu. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba anachokichukia kizuizini ni swali. Kumbe swali halikuwa na kosa. Kosa ni kinachofanywa kwa jibu.

Adolphe alimtazama Médiatrice, msichana mdogo mwenye sare inayong'aa, aliyekuwa amekodoa macho kwenye taipureta kama inaweza kubadili mawazo. Akamtazama Jovithe na koti lake.

"Karatasi ya mwalimu, nayo nione," alisema. Mkurugenzi akampa. Adolphe akaisoma kwa mdomo unaocheza, akijumlisha, na alipofika mwisho akaguna. "Bon. Mi nimehesabu. Soma, Directeur. Jua linachoma."

Mkurugenzi akanyoosha tai yake, akasoma. Wa kwanza, Médiatrice wa Buterere, asilimia sabini na moja. Jovithe aliketi chini, hapohapo kwenye vumbi, na koti lake, akafunika uso kwa viganja. Mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa Armel, mtoto wa watu, ambaye alikuwa ameazima daftari la hesabu la Médiatrice mwaka mzima na alijua vizuri nani ni nani. Baba yake alimtazama kwa hasira kidogo, kisha akapiga naye, makofi matatu mazito, akageuka kuwafokea vijana walete zile kreti za Fanta kabla hazijapata joto. Zilikuwa za sherehe ya mtu mmoja, ikabidi wagawane chupa moja watoto wawili wawili.

Jumatatu Médiatrice alikuja kuchukua kadi yake ya alama. Mama Fatouma alikataa aandikiwe na mtu mwingine, na alikataa taipureta pia. Akakaa mbele ya kompyuta, akavuta pumzi, akaandika jina. Kisha hesabu. Kidole, kwa mazoea ya miaka, kikaenda kwenye L.

Mashine haikumeza. Iliandika kwa herufi nyekundu maneno ambayo Hayat alikuwa ameyatunga kwa muda mrefu kuliko mistari mingine yote: Samahani, hii si namba. Tafadhali angalia tena.

"Umeona?" Mama Fatouma alimwambia msichana, kwa fahari, kana kwamba mashine ameizaa yeye. "Siku hizi inauliza. Na inauliza na adabu." Akatafuta kule juu, mwisho kabisa. Kakatoka tena kadudu kalekale. Samahani, ikasema mashine. Mama Fatouma akasonya.

"Moja na kadudu vinakaa kitufe kimoja, Mama. Ni lazima ushike hiki pia," alisema Hayat, akionyesha kitufe cha chini pembeni. "Viwili pamoja."

"Pamoja! Mi nina mikono ngapi?"

Médiatrice aliweka kikapu chake chini, akaja akasimama karibu na kiti. Akashika kitufe cha chini kwa kidole chake, akakikandamiza. Mama Fatouma akabonyeza cha juu. Ikatokea moja.